Kifua cha Marehemu Ogeto

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka 1965, Cephas, karani wa dispensari ya Got Rawo, alimenya yai la kuchemsha, akalila bila chumvi, akapangusa vidole kwenye suruali, kisha akaanza kutafuta watu wenye kikohozi.

Hakuwatafuta nje. Aliwatafuta ndani ya sanduku. Wakubwa wa afya walikuwa wameleta kadi za mtindo mpya, kila mgonjwa na yake, habari zake zikinakiliwa kutoka daftari la zamani, na ukingoni mwa kila kadi kulikuwa na matundu yaliyopangwa kama vifungo vya kanzu ya padri. Kila tundu lilikuwa na kazi yake. La kwanza malaria, la pili tumbo, la saba kikohozi, na mengine ya kazi ya mgonjwa na miaka aliyougua. Mgonjwa akija na kikohozi, Cephas alichukua makasi akalikata tundu la saba mpaka ukingoni, likabaki mdomo wazi. Siku ya kutafuta, unapitisha sindano ndefu katika matundu ya saba ya kadi zote, unainua, unatikisa. Wasiokohoa wananing'inia. Wanaokohoa wanaanguka mezani. Ile sindano yenyewe ilipotea njiani kabla ya kufika, kwa hiyo Cephas alitumia spoku ya baiskeli yake, na ndiyo sababu gurudumu lake la nyuma lilienda kama mtu anayetoka kwenye pombe ya matanga.

Barua kutoka ofisi ya juu ilisema hivi: toa wote wanaofanya kazi mgodini, wenye kikohozi cha miaka mitatu au zaidi, nakili majina yao kwenye fomu, tuma. Lori lingekuja kuwachukua walioandikwa, na hao tu, wakapigwe picha ya kifua. Atakayeonekana ana vumbi la mawe mapafuni atatolewa chini ya ardhi, apewe kazi ya juu, kwenye jua, pamoja na dawa. Mgodi huo ulikuwa nyuma ya kilima, mbali kidogo na Macalder. Jina lake tuliache lilale. Wenyewe nao wana wajukuu.

Cephas alitikisa tundu la kikohozi. Zilizoanguka akazitikisa kwa tundu la mgodi. Zilizoanguka tena akazitikisa kwa tundu la miaka mitatu. Mwishowe mezani zilibaki kadi arobaini na moja. Alipoinua macho, kwenye benchi la nje, na chini kando ya benchi, walikuwa wamekaa watu arobaini na mmoja.

"Nyinyi mnangoja nini?" aliuliza. "Dresa wa kutibu hayuko leo."

"Umetutikisa, tumeanguka," alisema mzee wa mbele, aliyevaa koti la Kariakoo, la wapagazi wa vita vya kwanza, lenye vifungo vitatu. "Mimi ni Ogeto. Endelea tu na kazi yako, karani, sisi hatuna haraka."

Cephas aliwahesabu mara mbili, akaweka alama mbele ya kila jina. Alikuwa mtu wa Kisegi, wa kule ziwani, na watu wa Got Rawo alikuwa hajawazoea sura. Aliona tu kwamba wote walikuwa wametulia sana kwa watu wa kikohozi. Hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Saa nne alifika Truphena, mke wa Zadock, aliyekuwa akichimba kule chini mwaka wa kumi na mbili sasa. Alikuja kuhakikisha kadi ya mumewe imeanguka. Zadock alikuwa akikohoa mpaka kuku wa jirani wanajua saa, na asubuhi mate yake yalikuwa na rangi ya tope la mgodi. Truphena alikuwa na watoto wanne na hesabu moja tu kichwani: mume wake apande lile lori.

Alisalimia benchi. Kisha alirudi nyuma hatua tatu, akajitanda leso kichwani, akaenda kuzungumza na karani kupitia dirisha la nyuma.

"Karani, huyo wa koti ni baba mkwe wangu. Ndiye aliyemlea Zadock."

"Ni mgonjwa?"

"Ni marehemu. Aliumwa na nyoka mwaka wa arobaini na tisa."

Cephas alitazama fomu. Ilikuwa na safu ya jina, safu ya umri, safu ya kijiji na safu ya kikohozi.

"Na yule wa kiti cha miguu mitatu?"

"Huyo ni Gisiri, Mkuria wa pale mpakani. Alipigwa na radi akichunga. Wajukuu wake wako mgodini." Truphena alichungulia tena. "Hao wote ni wafu, karani. Wengine nimewapikia matanga mimi mwenyewe."

Jambo lenyewe halikuwa gumu, ila Cephas hakuwa amelijua. Pale Got Rawo mtu akiugua hataji jina lake mbele ya kalamu. Ugonjwa ukisikia jina lako limeandikwa, umeonyeshwa mlango wa kwako. Kwa hiyo unataja jina la marehemu wa kwenu, ugonjwa uende ukamtafute huko aliko, upotee vichakani. Kila mtu alifanya hivyo. Zadock kanisani alikuwa Zadock, kwa chifu alikuwa Zadock, lakini dispensari, miaka yote, alikuwa Ogeto. Wakuria wa mpakani nao, walipoona majirani wanafanya hivyo na hawafi haraka, wakafanya hivyo hivyo.

"Sasa nikiandika Ogeto, ni mume wako," alisema Cephas polepole. "Na nikimwita Ogeto, ni huyu hapa. Mimi nitume nani?"

"Tuma anayekohoa."

"Kwa kadi, wote wanakohoa."

"Na kwa kifua?"

Cephas alikuwa hana spoku ya kifua. Alitoa kadi mpya, akaandika Zadock, akakata tundu la kikohozi na tundu la mgodi. Lile la miaka mitatu alishindwa kulikata, maana kadi ilikuwa ya leo, na kwa kadi mtu huanza kuugua siku anayoandikwa. Alitikisa. Zadock aling'ang'ania kwenye spoku peke yake, akining'inia kama popo.

"Umeona mwenyewe, mama. Hataki kuanguka."

"Si wewe umfinye kidogo!"

"Kadi arobaini na moja, mistari arobaini na moja. Huko juu wanahesabu. Nikiongeza mmoja watanirudisha Kisegi nikavue omena, na mimi maji yananitia kizunguzungu."

Alinakili majina yote kwa kaboni, nakala tatu, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Watu wa benchini waliinuka mmoja mmoja, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao.

Truphena alirudi nyumbani na mpango. Lori lingekuja wiki ya pili, na mtu wa kwanza kuruka jina la Ogeto likisomwa ndiye angekuwa Ogeto. Alimfundisha mumewe kila jioni nyuma ya zizi.

"Ogeto!"

Zadock aliruka, akakohoa.

"Umechelewa. Ruka kwanza, kohoa ukiwa ndani ya lori. Ogeto!"

"Mama Pamela, mimi nimechoka."

"Utapumzika kwenye picha. Ogeto!"

Kufikia Jumapili aliruka vizuri hata kanisani, mchungaji alipokohoa tu.

Siku ya lori, watu wa benchi walikuwa wamefika mapema, miguu imeoshwa. Wachimbaji walio hai nao walikuja, wakasimama upande wa pili wa uwanja, kila mmoja akimtazama babu yake, mjomba wake, nduguye mkubwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alimuuliza babu yake habari za kaburi, kama maji ya mvua bado yanaingia, akaambiwa yanaingia.

Ofisa wa picha aliitwa Maurice, kijana wa soksi ndefu, na alisoma majina kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa chakula cha mchana mahali pengine.

"Ogeto!"

Zadock aliruka. Aliruka kama alivyofundishwa, akafika kwenye lori wa kwanza, mkono juu ya ubao. Mzee wa koti alifika wa pili, akasimama kando yake bila kusukumana.

Maurice aliwatazama. Mmoja alikuwa anahema. Mwingine hakuwa anahema hata kidogo.

"Ogeto ni nani kati yenu?"

Zadock alifungua mdomo. Mzee yule ndiye aliyemfundisha kukamua, ndiye aliyemtolea fahali wa mahari yake. Alimtazama tu mtoto wake kwa furaha, akiona amekua. Mtu anaweza kuazima jina la baba yake akiwa hayupo. Kulitwaa akiwa amesimama hapo, na koti lake, na vifungo vyake vitatu, hilo Zadock hakulifundishwa nyuma ya zizi wala mahali popote.

Alitazama chini. "Ni yeye," alisema, na mzee akapanda.

Truphena alikuwa nyuma ya ua wa mikonge. Angeweza kulishika lile koti akalivuta, lakini mke wa mtu hamgusi baba mkwe, hata kwa fimbo, hata akiwa marehemu. Alisema akiwa amegeuza uso.

"Baba, tafadhali, shuka. Mtoto wako anakufa."

"Mama," alijibu Ogeto kutoka juu ya lori, kwa upole, "serikali ikikuita, unakataa? Mwaka wa kumi na saba iliniita, nikaenda mpaka Tanganyika bila viatu, na sanduku la risasi kichwani. Leo imeniita na lori. Nikatae lori?"

Gisiri alipandisha kiti chake. Maurice alifunga mlango, akaweka alama arobaini na moja. Lori liliondoka, na wachimbaji wakaenda kuwahi zamu ya mchana.

Siku tatu baadaye lori liliwarudisha. Wiki mbili baadaye ikaja barua. Vifua arobaini na kimoja vimepigwa picha, vyote safi, safi kuliko vya watu wasiowahi kuingia mgodini. Imethibitika kwamba mgodi hauna vumbi lenye madhara. Karani apongezwe kwa kumbukumbu zake zilizonyooka.

Cephas aliandika kueleza kwamba waliopigwa picha walikuwa marehemu. Alijibiwa kwamba taarifa za vifo hutumwa kwa fomu nyingine, na fomu hizo zimekwisha. Mgodi nao ulisoma ile barua ya vifua safi, ukaacha kumwagia mawe maji ya kutuliza vumbi wakati wa kuchoronga, kwa kuwa maji yalikuwa kazi ya bure.

Tangu safari ya lori, Ogeto alizoea kupita kwa mtoto wake jioni za Jumamosi. Jumamosi moja Truphena alimwekea kibuyu cha uji juu ya jiwe, akasogea mbali, akageuza uso kama inavyotakiwa.

"Baba, huko walikwambia nini?"

"Waliniambia nivue koti, nishike pumzi. Nilishika tu, sikupata shida." Mzee alikunywa. "Daktari alipoiona picha yangu aliita wenzake waje watazame. Alisema na kifua hiki nitaishi miaka mingi."

"Ni vizuri, baba."

Ndani ya nyumba mtu alianza kukohoa. Alikohoa muda mrefu, akanyamaza, akaanza tena. Ogeto alishusha kibuyu, akasikiliza.

"Huyo ni nani anakohoa hivyo?"

"Ni Zadock, baba."

"Mpeleke akapigwe picha," alisema Ogeto. "Mwambie asiogope, haiumi."

"Ndiyo, baba."

Aliposikia koti limeondoka, Truphena alikwenda kuanua nguo za mgodi. Siku hiyo zamu ya Zadock ilianza saa kumi na mbili jioni.