Kufuli ya Bweni la Pili

Cheruto alipandishwa cheo mwezi wa Januari, akawa mkuu wa idara ya ushauri katika shule ya bweni ya wasichana kule Dundori. Kabla hajazoea kazi, alitumwa mafunzoni Nakuru mjini, pamoja na wakuu wa idara wa shule nyingine. Huko waliigiza: mmoja mwanafunzi mwenye hasira, mwingine mwalimu. Walicheka sana. "Uliza, halafu unyamaze," mkufunzi alisisitiza. "Na usiahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwako."

Wiki iliyofuata, baada ya chai ya asubuhi, wasichana walikataa kurudi darasani. Walisimama uwanjani katikati ya ukungu, wengine na mawe mkononi, bila kusema neno. Kimya hicho ndicho kilichomtisha Cheruto.

Mwalimu mkuu alikuwa safarini. Naibu wake, Mwalimu Ndung'u, tayari alikuwa ametoa simu.

"Naita polisi."

"Ngoja kidogo, Mwalimu. Wacha niongee nao."

"Wakikuumiza, shauri yako."

Cheruto akavuka uwanja. Mbele ya wenzake alikuwa Waithera wa kidato cha tatu, jiwe mkononi.

"Waithera, shida ni nini?" Kisha akanyamaza, ingawa woga ulimsukuma aseme lolote.

"Madam, wanatufungia," msichana akasema hatimaye. "Bweni la pili. Tukishalala, kufuli inawekwa kwa nje. Madirisha yako na vyuma. Moto ukishika, tutatokea wapi?" Akaanza kulia.

Cheruto hulala nyumba za walimu, hakuwa akijua.

"Siwezi kuwaahidi kitu," alisema. "Lakini naenda kuuliza saa hii."

Ndung'u hakukana. "Ni mimi nilisema wafungiwe. Walikuwa wanatoroka. Na mlinzi ana ufunguo, anafungua haraka tu."

"Basi nifungie mimi ndani, Mwalimu. Tuone hiyo haraka."

"Semina moja tu, na sasa unanifundisha kazi?"

Cheruto alijua neno moja la mtu huyu lingemvua cheo. Hata hivyo akaenda bweni la pili, Ndung'u na mlinzi nyuma yake, akaingia, akauvuta mlango. Akasikia kufuli ikibanwa.

"Haya, fungua!" alipaza sauti.

Ufunguo ulikwaruza. Ukakwaruza tena.

"Jaribu wewe," mlinzi akamwambia Ndung'u.

Vitanda vilikuwa vimebanana hadi ukutani. Cheruto alishika vyuma vya dirisha, akavitikisa, havikucheza. Hakukuwa na moto wowote, lakini pumzi ilimpaa, akajikuta anagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Fungueni! Tafadhali, fungueni!"

"Imekwama!" Ndung'u alijibu, na sauti yake haikuwa ya naibu tena. "Leta shoka! Kimbia!"

Kufuli ilipovunjika, Cheruto alitoka, akaketi kwenye nyasi. Ndung'u alikuwa ametota jasho. Wasichana walikuwa wamesogea karibu, wakayaona yote. Waithera akalitupa jiwe lake.

Mwalimu mkuu aliporudi aliwaita wote wawili. Cheruto hakulala vizuri siku hizo, lakini alisimulia mambo yalivyokuwa, hakupunguza wala hakuongeza. Mlango ule haukufungwa tena kwa nje, na cheo akabaki nacho. Ndung'u alihamia meza ya mbali kwenye chumba cha walimu. Hadi leo akimwita kwa jina, Cheruto hushtuka kwanza, ndipo huitika.