Kadi ya Usukani

Ofisini kwetu neno la kamusi huanza maisha kwa penseli. Anayelitafiti huandika kadi na kutia herufi za jina lake pembeni. Wino hauligusi mpaka jopo liridhike. Mimi, kibarua wa maneno, nilihitaji kadi moja tu ipite ili niajiriwe.

Nilipewa neno usukani. Mwezi mzima nilishinda kwenye karakana ya boti, vumbi la mbao limenijaa kichwani, nikimhoji fundi mkuu.

"Hilo limetoka kwa Waarabu," alisema. "Ila wazee walionifundisha waliita shikio. Andika yote mawili, usimdhulumu mtu. Na ukae mbali na msumeno, maswali yako hayana breki."

Aliyeniingiza kazini ni Dada, binti wa mjomba wangu. Jumatatu asubuhi akaniomba kadi.

"Lete nikupitishie macho, mdogo wangu. Jopo lile lina meno."

Nikampa kwa mikono miwili.

Jumanne Dada akasimama mbele ya jopo na kadi yangu, nami kando yake. Pembeni karatasi ilikuwa imechakaa kwa ufutio, na palipokuwa na herufi zangu sasa palikuwa na zake.

"Neno hili limenitoa jasho," alisema, wala hakupepesa macho.

Akasoma. Asili ya Kiarabu. Shikio. Kisha: "Pia huitwa kana."

Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Fundi alinisahihisha Jumatatu jioni, kadi ikiwa tayari kwa Dada. Ningeweza kunyamaza, aje aumbuliwe na mafundi kamusi ikishachapwa. Lakini neno lilikuwa limemkosea nani?

"Kana ni mpini wa kuugeuzia usukani," nikasema. "Si usukani wenyewe."

Mwenyekiti akavua miwani. "Umejuaje?"

"Nimeshinda karakana mwezi mzima. Kadi hiyo ni..."

"Nilimtuma mimi," Dada akadakia, mkono begani kwangu. "Hata kuandika nimemwachia yeye, ajifunze. Ila mbishi huyu, mtamkoma."

Jopo likacheka. Mwenyekiti akasahihisha mstari ule, akafungua kalamu ya wino na kumpa Dada atie saini.

"Umemlea vizuri," akamwambia. "Mwakani tumjaribu na neno lake mwenyewe."

Dada akaniminya bega. "Haya, shukuru basi."

Watu watano walikuwa wananitazama. Nikashukuru.