Siku Nilipomfunga Bwana Koki

Jina la Bwana Koki alilipata baharini, sikumpa mimi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, kule kwenye kina ambacho ukiangusha kijiko asubuhi, samaki wa chini watakitumia kwa chakula cha jioni. Wenzake walichimba. Yeye alikuwa mpimaji: kisima kikishatobolewa, ndiye wa kukifungua na kukifunga kwa koki.

Sasa amestaafu, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na anaishi nyumba ya mwisho ya mtaa wetu. Mimi ni mjane mwenye bomba la bafuni linalovuja. Mengine jazeni wenyewe.

Alikuja akalikaza. Baada ya siku chache likavuja, akarudi. Binti yangu mwalimu, ninayekaa naye, akaanza kunusanusa.

"Mama, fundi gani huyu anakuja kajipulizia manukato?"

"Bomba la zamani hilo, mwanangu. Linataka kubembelezwa."

"Bomba?"

"Hebu kalete chai huko!"

Kwenye chai hizo ndipo aliponifundisha kazi yake.

"Kuona mafuta si kupata mafuta, bibie," alisema. "Kisima kipya kina mbwembwe. Ukikifungua kinatoka kwa kishindo, moto wa gesi unawaka pembeni ya mtambo, vijana wanashangilia. Mimi sishangilii, nakifunga. Kule chini tumeacha kipimo, kinasoma presha inavyorudi. Ikirudi palepale ilipokuwa, ujue kuna bahari ya pili chini ya bahari. Ikichoka njiani, basi ni kidimbwi, kishindo kilitudanganya."

"Na mkishafunga mnafanya nini?"

"Tunakaa. Hakuna kugusa. Ukigusa umeharibu, unaanza upya."

Siku ya siku akaniambia, bila kupiga kona, kwamba chai yangu angependa kuamka nayo. Nikajifanya namimina chai nyingine. Binti alikuwa amesikia yote akiwa jikoni.

"Mama, debe tupu ndilo linalovuma. Huyu anakimbia upweke tu. Upweke ukishapoa, wewe utamchosha."

Nilimcheka, lakini neno lilinikaa kama mwiba. Mume mmoja nilishamzika. Sikutaka kuzika wa pili akiwa hai.

Basi alipokuja tena nikamfunga kama kisima chake: nikamzuia mlangoni. "Bomba limepona. Usije mpaka nikuite."

Akanitazama, akatabasamu kidogo, akavua kofia, akaivaa, akaondoka.

Nikakaa dirishani kungoja. Nilijiambia, mwenye pendo la kweli hazuiliki, walau atakuja akohoe getini. Hakukohoa mtu. Hata akienda dukani alikuwa anapita njia ya nyuma. Nikachukua spana nikalilegeza lile bomba, likamwaga maji kama mvua, na fundi asitokee.

"Kidimbwi," nikaliambia bomba.

Binti, aliyetaka iwe hivyo, ndiye aliyeishiwa raha.

"Mama, hujanitania wiki nzima. Unaumwa?"

"Presha."

"Yako au yake?"

Nikamsonya. Naye akaja akaketi karibu yangu.

"Hicho kipimo cha kisimani," akasema polepole, "si Bwana Koki alisema kinakaa chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Sasa wewe uliyekaa huku juu dirishani unasoma nini?"

Siku hiyo nilijua sikumzaa bure. Nikavaa gauni la maua, nikatoka na spana mkononi, nikashika njia mpaka nyumba ya mwisho.

Mlango ulikuwa wazi. Bwana Koki alikuwa ameketi kwenye kiti nyuma tu ya kizingiti, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, mfuko wa vifaa magotini.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi popote. Nakaa hivi kila siku."

"Miguu huna? Kwa nini hukuja?"

"Bibie, umenifunga, koki iko kwako. Nani aliwahi kuona kisima kinajifungua?"

"Na njia ya nyuma je?"

"Ningekuona, ningegusa. Tungeanza upya." Akashusha macho. "Na umri wetu huu, wa kuanza upya mara ngapi?"

 Nikaweka kiganja kifuani pake, upande wa kushoto, nikakaza macho kama mtu anayejua anachosoma.

"Inasemaje?" akauliza.

"Imefika ilipokuwa," nikasema, "na bado inapanda."

Akacheka mpaka akakohoa, kile kikohozi nilichokingoja getini. Kisha akaiona spana.

"Bomba limeharibika tena?"

"Nimelilegeza mwenyewe."

"Lini?"

"Kila mara ulipoondoka."

Akajifuta machozi. "Basi umejisumbua bure. Na mimi sikuwahi kulikaza sawasawa."

Siku hizi chai anaamka nayo. Bomba bado linadondoka, na binti analalamika kwamba nyumba yenye fundi ndani haina bomba zima. Tunamwambia asiguse, bado tunapima.