Bibi wa Chini ya Ngazi

Sleiman alipopata kazi Maskati, mwaka elfu mbili na moja, aliwaachia mama yake na mkewe nyumba ya Kikwajuni, televisheni, na mashine ya gemu aliyoinunua Dubai. Mazungumzo hakuwaachia. Bi Bahiya na mkaza mwanawe Nasima, binti wa Makunduchi, walikuwa hawajazoeana. Wakiamkiana asubuhi, wakiulizana chumvi, basi.

Alasiri moja Bi Bahiya yuko jikoni, akasikia ukelele. Akatoka mbio na mwiko mkononi. Alimkuta Nasima kajikunyata juu ya zulia, mapazia kayafunga, pedi ya gemu kaikumbatia kifuani.

"Kuna nini? Mwizi?"

"Hapana, mama. Kuna bibi humu." Nasima akaionesha televisheni kwa haya. "Kanitokea nyuma ya kabati."

Bi Bahiya akatazama. Ndani yake mlikuwa na jumba kubwa la giza na msichana kashika taa. Nasima akamweleza kwamba msichana yule anamtafuta mdogo wake. Milango yote imefungwa, na kila kufuli lina fumbo lake. Ukikosea, bibi mwenye nywele timtimu anakujia.

"Astaghfirullah," akasema Bi Bahiya, akakaa kitako. Wali ukaungua.

Tangu hapo, wakishaswali adhuhuri na kuosha vyombo, walikaa pamoja. Nasima alisoma Kiingereza na kubonyeza. Bi Bahiya alijifunika kanga mpaka puani, akitoa amri. "Usiende huko! Rudi! We mtoto husikii?"

Palikuwa na picha za wanawake wa jumba lile, zikitakiwa zipangwe ukutani kwa mfuatano. Ziliwatesa sana. Mwisho Bi Bahiya akagundua kwamba wote wamevaa mkufu mmoja, wa kurithiana. Nasima akaona kwamba shanga zake zinapungua picha hadi picha. Akazipanga. Mlango ukalia kwiii, ukafunguka. Wakakumbatiana bila ya kukusudia, kisha kila mmoja akajitengeneza kanga yake kama hapakuwa na lililotokea.

Wakafika chini ya ngazi. Mdogo mtu alikuwepo, mzima. Pembeni palikuwa na mlango wa chuma, na nyuma yake bibi analia. Gemu likauliza: utamfungulia, au utaondoka?

"Ondoka!" akasema Bi Bahiya.

"Namfungulia, mama."

"Una wazimu? Huyu si ndiye aliyetufukuza jumba zima?"

Nasima hajabonyeza, umeme ukakatika.

Wakafungua mapazia, wakakaa wakijipepea kwa kipepeo cha ukili. Bi Bahiya akacheka. "Kweli ungemfungulia?"

Nasima akaiweka pedi chini. "Bibi yangu wa Makunduchi alipopotewa na akili, wajomba walimfungia chumbani. Mimi ndiye nikimpelekea chai. Akilia hivi hivi. Ufunguo sikuwa nao."

Bi Bahiya akaacha kujipepea. Tangu mwanawe aondoke, alikuwa akijiuliza itakuwaje atakapozeekea mikononi mwa mtoto wa watu, na hofu hiyo hakumwambia yeyote. Akamvuta Nasima karibu, akamfumua nywele, akaanza kumsuka.

"Akipenda nini, bibi yako?"

"Chai ya mchaichai. Na kuimbiwa."

"Basi niimbie na mimi, nikusikie."

Nasima akaimba, kwa sauti ndogo, kwa Kimakunduchi. Mengine Bi Bahiya hakuyafahamu, lakini hakumkatiza.

Umeme uliporudi, ilibidi waanze tena kwenye picha, maana tangu hapo walikuwa hawajahifadhi. Walipofika chini ya ngazi, Bi Bahiya akasema, "Mfungulie."

Bibi akatoka. Hakumrukia mtu. Akakaa kwenye kidato cha ngazi, na msichana akamwekea taa miguuni.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo mwisho wake, mama."

"Maskini," akasema Bi Bahiya. "Kumbe akitaka mtu tu."

Ijumaa Sleiman akapiga simu. Kwanza akamwamkia mama yake, kisha akauliza kwa woga kama wanaelewana.

"Tunaelewana vizuri," akajibu Bi Bahiya. "Ila ukija tuletee gemu jingine. La mafumbo. Na litishe zaidi kuliko hili."

Akampa Nasima simu, akaenda kuchemsha chai.