Mtungi Uliofika Mzima

Haya nilisimuliwa na Mama Yeon-sil mwenyewe, mwaka juzi, majira ya kutia kabichi chumvi. Tulikuwa tumekaa kwenye ukumbi wa wazee chini ya ghorofa letu, kila mmoja na beseni lake, na wenzetu walikuwa wametoka kwenda kununua pilipili. Akaanza bila kuulizwa. Anageuza kabichi, anasema kidogo, anageuza nyingine. Nami sikumharakisha.

Jina lake ni Ok-bun, lakini hakuna amwitaye hivyo. Yeon-sil alikuwa kifungua mimba wake, na alifariki kwa maradhi ya damu kabla hajaolewa. Mama akabaki na jina la mtoto. Amebakiwa pia na mwana, Gi-pyo, aliye hapa mjini Daegu na mkewe, Mama Se-bin.

Kwao kijijini, upande wa Yecheon, nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa mitungi. Pale ndipo wanawake huweka mchuzi wa soya na vitu vyote vya kuchachisha. Mwanamume hafiki pale, na akifika hafunui kifuniko. Marehemu mumewe aliishi nyumba ile maisha yake yote wala hakujua mtungi upi una nini.

Mchuzi wa soya wa nyumba yenye mwenyewe haumalizwi. Mpya humiminwa juu ya wa zamani, mwaka baada ya mwaka, na ule wa chini ndio unaoufundisha mpya ladha. Sasa mwaka wa mwisho wa uhai wake, Yeon-sil alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, kilemba kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa zimekwisha, akasema mwaka huu mchuzi anatia yeye, mama akae. Akapima chumvi, akachuja maji, akamimina kwenye mtungi ulio karibu na ukuta. Mama yake akawa anamtania kwamba mchuzi wa mwanamwali huchacha vibaya. Yeon-sil akajibu, "Basi usile." Mchuzi ukatoka mzuri kuliko wa miaka yote.

Tangu hapo Mama Yeon-sil aliutunza mtungi ule peke yake. Akachota kidogo kidogo, akaongeza mpya juu, ili mkono wa binti yake usikatike. Halafu magoti yakamwisha nguvu. Miaka ikapita hakutia mchuzi mpya, na mtungi wa udongo unapumua, kilichomo hukauka. Mwishowe ndani yakabaki mawe ya chumvi meusi, yanang'aa, yamegandana na kitako cha mtungi. Hilo halikumtia hofu. Mawe yale ndiyo mbegu. Ukimimina mchuzi mpya juu yake yanayeyuka polepole, na ladha inarudi ile ile.

Kwa hiyo Gi-pyo aliposema mama ahamie mjini, kwenye ghorofa, alikubali kila kitu. Aliacha kabati, aliacha mashine ya kusaga, akawapa majirani mitungi mingine yote. Sharti lake lilikuwa mtungi wa ukutani. Alimwambia mwanawe, kwa simu na kwa mdomo, mpaka mwana akachoka: ule ufike mzima, usipate hata ufa wa unywele. Moyoni alikuwa na hesabu yake. Kumbukumbu ya kifo cha Yeon-sil ilikuwa imebaki wiki chache, Mama Se-bin angemsaidia kutia mchuzi mpya juu ya mawe, na siku hiyo mbele ya picha ya binti yake angeweka mboga zilizoungwa kwa mkono wa binti mwenyewe.

Mbona hakumwambia mwanawe kilichomo? Nilimuuliza. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu. Tangu lini mwanamume akaelezwa ya ndani ya mtungi?

Gi-pyo alichagua siku safi, zile siku ambazo vibwengo hawako duniani kuwavuruga wanaohama. Siku hizo kila mtu anahama, malori hayapatikani. Bwana Chu, msimamizi wa wapagazi, akamwambia kwenye simu kwamba mitungi yote iwe mitupu na mikavu. Wenye kitu ndani wao hawaubebi, na ukipasuka hawalipi. Mama alikuwa amesema ataupakata garini. Gi-pyo akafikiria yale magoti, akafikiria kona za mlimani, akaona hapana. Mtungi wa mama lazima usafiri kwa dhamana.

Basi siku moja kabla ya kuhama, wanawake wa kijiji walimwandalia Mama Yeon-sil chakula cha kumuaga. Gi-pyo akafika nyumbani, akakuta hakuna mtu. Akaenda uwanja wa mitungi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafungua kitambaa, akafunua. Akaona uchafu mweusi umeganda chini. Akamwonea mama yake huruma. Akasema mama amezeeka, hawezi tena hata kuinama aoshe mtungi anaoupenda hivi.

Akachemsha maji. Akaumiminia mtungi maji ya moto, akasugua kwa majani makavu ya mpunga, akamwaga, akarudia mpaka maji yakatoka meupe. Akauanika kifudifudi juani. Ulipokauka akaufunga kitambaa kile kile, kwa fundo kama la mama yake.

Kesho yake wapagazi walikuja na blanketi, maboksi na nailoni ya mapovu. Gi-pyo aliwasumbua. Aliuzungushia mtungi magodoro mawili, akaufunga kamba ya majani juu na chini, akakataza usiegemezwe kwenye friji. Bwana Chu akamwuliza kama ndani yumo babu yake. Wapagazi wakacheka, Mama Yeon-sil naye akacheka, na akajisikia fahari kuona mwanawe anavyouhangaikia.

"Mama Yeon-sil," Bwana Chu akamwambia, kwa kuwa alisikia majirani wanavyomwita, "kaa garini utulie. Mimi nimehamisha vioo, piano, hata mkwe wangu mkorofi, na vyote vilifika. Huko mjini Yeon-sil ndiye anayekupokea?"

Akamjibu kwamba ndiye. Hakuona kosa kumjibu hivyo. Alikuwa anamaanisha mtungi.

Walipofika, aliingia yeye kwanza na sufuria ya umeme ya wali, kama inavyopasa ili chakula kisikose nyumbani, kisha mizigo ikapandishwa kwa ngazi ya mashine iliyosimamishwa nje mpaka dirishani. Mtungi ulipopanda, Gi-pyo alisimama chini mikono wazi, kana kwamba ungeanguka angeudaka. Haukugongwa popote. Wakauweka roshani, penye jua.

Wapagazi walipoondoka ikaletwa tambi nyeusi kutoka hotelini, chakula cha siku ya kuhama, wakatandika magazeti sakafuni. Mama Yeon-sil hakungoja kula. Alikwenda roshani, akafungua magodoro, akapapasa mtungi pande zote kwa kiganja, akatafuta ufa, hakuupata. Akafungua kitambaa. Akafunua.

Aliniambia jambo la kwanza lilikuwa harufu. Haikuwapo. Akainamisha kichwa ndani akaona udongo mtupu, msafi, mwekundu kama siku ulipotoka tanuruni. Akaingiza mkono mpaka bega, akapapasa kitako. Kilikuwa laini.

Gi-pyo alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu, tambi zinamning'inia kwenye vijiti.

"Nimeusugua mwenyewe, Mama. Nilitaka uingie nyumba mpya na kitu kisafi. Mikono imeungua, lakini tazama unavyometa."

Mama Se-bin, aliyekuja kuwapokea, alisogea akachungulia. Yeye ni mwanamke wa jikoni, alielewa papo hapo, rangi ikamtoka. Akafungua mdomo. Mama mkwe wake akamshika mkono akaubana kwa nguvu, naye mkwe akaufunga ule mdomo.

"Nionyeshe hiyo mikono," akamwambia mwanawe.

Akamwonyesha. Vidole vilikuwa na malengelenge. Mama Yeon-sil akavishika, akavipuliza, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni alipoungua kwenye jiko la kuni.

"Umefanya kazi, baba. Mtungi umefika mzima. Haya, kula, tambi zinavimba."

Yeye mwenyewe alikula. Aliniambia alizimaliza zote, na hakujua alikula nini. Mama Se-bin akaosha bakuli ambazo huwa hazioshwi, maana mwenye hoteli huzipitia, akaosha tena, kwa kutojua afanye nini na macho yake. Jioni akaondoka kumwahi mtoto. Mlangoni akamnong'oneza mkwewe kwamba amwambie Gi-pyo, asibebe peke yake. Mama Yeon-sil akamjibu kuwa yule alimzika dada yake mara moja, yatosha.

Gi-pyo akalala kwa mama yake usiku huo, asimwache peke yake katika nyumba asiyoizoea. Wakatandika chumbani, sakafu inapashwa moto kutoka chini, maboksi yamewazunguka. Taa ilikuwa bado inawaka. Gi-pyo akasema, macho yako darini, kwamba siku ya kumbukumbu angependa zile mboga za mlimani, zilizoungwa kwa mchuzi wa dada. Hajazila siku nyingi. Akauliza kama mama aliutia kwenye chupa.

"Uliisha," mama akasema.

"Wote?"

"Wote. Majira ya baridi yaliyopita. Ulikuwa mtungi mtupu tu, mwanangu, ndiyo maana ukachafuka vile."

Gi-pyo akageukia ukutani.

"Ungeniambia, Mama. Ningekuja nile kijiko kimoja kabla haujaisha."

Mama Yeon-sil aliona mabega ya mwanawe yakitikisika chini ya blanketi, mwanamume mwenye mvi, na hakumgusa, kwa kuwa angemgusa angesema. Akangoja. Baada ya muda mrefu pumzi za mwanawe zikatulia, akaanza kukoroma kidogo kama marehemu baba yake.

Hapo ndipo mama alipoinuka, akaitoa mikono ile ya mwanawe yenye malengelenge nje ya blanketi isisuguliwe na kitambaa kizito, akaipaka mafuta ya ufuta bila kumwamsha. Akazima taa. Akajilaza, akalia bila sauti, mpaka usingizi ukamchukua.