Samaki Waliohamia Stoo

Mshonaji alikuwa akitia uzi kwenye sindano pale samaki wa kwanza alipoingia stoo. Alipita chini ya mlango, akapanda hewani taratibu hadi usawa wa taa, akatulia hapo juu ya cherehani akipepea mapezi. Alikuwa wa kijani, urefu wa kidole, mkia umeng'atwang'atwa.

"Karibu," mshonaji alisema, akaendelea na pindo.

Yeye mwenyewe alikuwa mgeni humo. Miaka yote alishona magauni ya harusi katika chumba kikubwa, bega kwa bega na wenzake, mpaka tajiri wao, mwanamke mpole wa sauti, aliponunua tangi la samaki wa baharini na kuliweka kwenye sebule ya wateja. Wateja wanataka utulivu, alisema, na kicheko cha mshonaji huyu kinapenya ukuta. Basi cherehani yake ikabebwa hadi stoo isiyo na dirisha.

"Si adhabu, mama," tajiri alimwambia. "Ni utaratibu tu."

Tangu hapo hakucheka. Mtu hacheki peke yake na marobota ya vitambaa. Kila asubuhi aliomba kimoyomoyo arudishwe kwa wenzake, kisha akashukuru kwa taa, ambayo ilikuwa nzuri.

Mpiga pasi alimletea chai kama kawaida yake, akamwona samaki.

"Huyu ndiye yule mdogo. Wenzake wanamfukuza kutwa, hali, hatulii. Nikasema ama atakufa ama atahama."

"Amehama."

"Heri yake. Ila hewa hii kavu mno kwake, dada."

Akaisogeza meza yake ya pasi mlangoni mwa stoo, mvuke uingie. Chumvi, ili hewa ifanane na ya bahari, walinyunyiza sakafuni mara moja tu. Muuza samaki aliyewaletea tangi alishawaonya, maana tajiri aliongeza maji ya chumvi kila maji ya tangi yalipopungua, hadi samaki wakawa wanahema juujuu. Maji ndiyo hukauka, alisema, chumvi haiendi popote. Ongezeni maji matupu.

Kule tangini, mdogo alipoondoka, wakubwa walimgeukia aliyemfuatia kwa unyonge. Naye akaja stoo. Kisha mwingine. Kila aliyefukuzwa alipita chini ya mlango akajiunga na kundi, na humo ndani hakuna aliyemng'ata mwenzake. Waligeuka wote kwa pamoja, kama kitambaa kinachopinduliwa. Mshonaji alipoinama, walishuka naye. Alimshukuru kila mmoja kwa kuja.

Mwishowe tangi likabaki na jibaba moja lililowafukuza wote. Nalo, likikosa wa kufukuza, likajificha nyuma ya jiwe, likagoma kula.

"Samaki wangu wako wapi?" tajiri aliuliza.

"Stoo," alisema mpiga pasi.

"Wanafanya nini huko?"

"Wanaishi."

Muuza samaki akaitwa. Akachungulia tangini, akachungulia stoo, akafuta miwani.

"Hana ugonjwa huyu. Hawa ni wa kundi. Ukimtenga mmoja anasinyaa, hata umpe chakula gani."

Tajiri akashika kifua. "Maskini! Kumbe kumtenga kiumbe ni kumuua?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Mshonaji alisikia kila neno kupitia mlango. Akakusanya pini zake, akafunika cherehani, akakaa akingoja kuitwa, mikono mapajani.

Tajiri alikuja mwenyewe, macho yamelowa.

"Mama, nimefikiri sana. Upweke ni kitu kibaya. Tangi lihamie huku, hata huyu mkubwa awe na wenzake."

"Na mimi, tajiri?"

"Wewe si tayari uko huku?"

Mpiga pasi alifungua mdomo. Mshonaji akamtazama, naye akaufunga.

"Asante kwa samaki," alisema mshonaji, na alimaanisha.

Tangi likabebwa hadi stoo, na jibaba likatoka humo la mwisho, mkia chini, kama mkwe aliyekuja kuomba radhi. Kundi lilisimama. Kisha yule mdogo mwenye mkia uliong'atwa akasogea pembeni, akampa nafasi.

Hapo mshonaji akacheka. Kicheko kilipiga ukuta, samaki wakatawanyika pande zote, wakarudi kundini, wakatawanyika tena kwa kila cheko.

Sebuleni wateja waligeuza shingo. Tajiri akaja polepole, akaufunga mlango wa stoo.

Mpiga pasi hakuiondoa meza yake pale mlangoni. Mvuke ukaendelea kuingia chini ya mlango.