Hodi kwa Wodi

Basi Sikudhani, fundi wa programu, analaza kichwa mezani saa saba mchana, dakika moja tu, anajiambia, na meza inafunguka kama mlango. Saa nane Sista Mwaipopo anakuja kukagua programu ya kengele za wodi ya wazazi, mama akibonyeza, idadi ya wanaoita ipande kwenye skrini ya manesi, na tangu asubuhi idadi inang'ang'ania sifuri, na katika wodi hiyohiyo, kitanda cha nne, amelazwa dada yake Tabu, mimba ya miezi tisa. Sasa yumo ndani ya nyumba kubwa iitwayo Wodi, jina aliloipa mwenyewe alipoiandika ndani ya programu, ndani ya nyumba kuna chumba, chumbani kengele zinalia, lo, zinalia kwelikweli, moyo unamdunda kwa furaha maana ni kazi ya mikono yake, korido zinageuka na kila kioo kinamwonyesha akiingia upya. Mlangoni mwa chumba kasimama mlinzi asiye na uso. Unaitwa nani? Siitwi, anajibu, uliniandika papo hapo kwa kazi moja, jina hukunipa. Sikudhani anapiga hodi, anaomba idadi. Sifuri. Anaomba tena kwa upole, sifuri, na nyuma ya ukuta dada Tabu anaita. Sifuri ya nani hiyo? Yangu, mlinzi anasema, uliniwekea mwenyewe, nayo ina jina lilelile la idadi ya nyumba. Ukiuliza humu nakupa ya humu. Ya mwenye nyumba utaipataje na hujamtaja?

Masikini, anataka kucheka na kulia. Kwao, kwenye nyumba ya wapangaji, ukipiga hodi bila kusema unamtaka nani, anaitika wa mlango wa kwanza, na mama yake kamfokea kwa hilo tangu utotoni. Anavuta pumzi. Hodi kwa Wodi, naomba idadi ya Wodi mwenyewe. Kuta zote zinaitika.

Anashtuka, shavu lina alama za kibodi. Vidole vinakimbia, mbele ya idadi anaandika jina la Wodi, anabonyeza kengele ya majaribio. Moja. Anapiga kigelegele peke yake ofisini. Halafu, mbili. Hajagusa kitu, na waya za wodini zitaunganishwa kesho. Skrini inaandika, kitanda cha nne. Anajifinya mkono, kama unauma, kama hauumi, hajui, wala hangoji kujua. Anatoka mbio, viatu mkononi. Ikiwa bado ni ndoto, basi dada Tabu ataitikiwa ndotoni.